Nyumba imeuzwa, deilili ndiyo kwanza zinachanua: nitazihamishaje Julai?

Swali: Shikamoo Bwana Shamba. Tumeuza nyumba yetu hapa Brooklyn Park, Minnesota, tunahamia Rochester, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Mkataba tumeshasaini, funguo tunakabidhi tarehe 18 Julai. Mbele ya nyumba nina mashina kumi na manne ya deilili (kwa Kiingereza "daylily", maua ambayo kila moja hufunguka siku moja tu). Mengi nilipewa na jirani yangu, bibi mmoja wa Kimarekani aliyenifundisha bustani za huku, naye ametutoka mwaka juzi. Moja ni refu, la manjano, jioni linanukia kama ndimu. Mengine ni yale ya rangi ya chungwa niliyoyakuta hapa. Kila ninaposoma naambiwa deilili zihamishwe mwezi wa tisa au theluji ikishayeyuka, na zangu ndiyo kwanza zinafungua maua. Mume wangu anasema niache tu, dukani zimejaa. Nikizing'oa sasa zitakufa? Na huko tunakokwenda hakuna bustani, ni udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na mitambo ya ujenzi. Tuna watoto wawili na paka mmoja.

Jibu:

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na jirani mwema.

Hazitakufa. Nimekujibu hilo kwanza ili ulale usingizi. Wanaokuambia usubiri mwezi wa tisa wanakuambia wakati ambao mmea unahama bila kuhangaika. Hawajasema kwamba ukihama Julai unakufa. Deilili ni kama mgomba: unauchimba, unaukata majani, unaubeba kwenye tela, unaufikisha kwa shemeji baada ya siku tatu, na unachipua. Ukizing'oa Julai utakachopoteza ni maua ya mwaka huu, na pengine mwakani zitachanua kwa uchache. Shina lenyewe litabaki.

Kinachonitia wasiwasi kwenye barua yako ni maneno mawili uliyoyapita haraka: "tumeshasaini". Weka beleshi chini kwanza.

Hapa Marekani, kwa kawaida, kilichoota ardhini huuzwa pamoja na ardhi, isipokuwa mkataba umesema vinginevyo. Kilichomo kwenye chungu ni mali yako na unaondoka nacho kama unavyoondoka na sufuria. Lakini mti, kichaka, na hata hayo mashina yako ya deilili, mnunuzi aliyaona siku alipokuja kutazama nyumba, akatoa bei akiwa ameyaona. Mimi si mwanasheria, ila nimeishi huku muda wa kutosha kuona watu wakigombana siku ya kukabidhi funguo kwa ajili ya kichaka cha waridi. Kwa hiyo leo hii, kabla ya kesho, mpigie wakala wako wa nyumba. Mwambie unaomba nyongeza ya mkataba, iliyoandikwa na kusainiwa na pande zote mbili, inayosema utachukua sehemu ya mashina ya deilili yaliyo mbele ya nyumba na kwamba mashimo utayafukia. Sema sehemu, usiseme yote. Mnunuzi akisikia "yote" anaona jangwa mbele ya nyumba aliyoilipia. Akisikia "sehemu, na nitakuachia bustani nadhifu kuliko ulivyoikuta", wengi hukubali bila neno.

Na wala hutakuwa unamdanganya. Shina la deilili lililokaa miaka mitano au sita bila kugawanywa limebanana, maua yake yamepungua, na kulichimba na kuligawa ni kulifanyia hisani. Unachimba shina zima, unachukua nusu, unarudisha nusu palepale kwenye shimo lilelile. Mwaka wa pili yeye ana deilili na wewe unazo. Ndivyo bibi jirani alivyokupa wewe, sivyo? Hakung'oa bustani yake akabaki na tope.

Akikataa kabisa? Chunguza vikonyo vya maua, yale mashina marefu yasiyo na majani. Baadhi ya deilili huotesha kijichipukizi katikati ya kikonyo, kadogo kama kidole, kenye majani yake. Ukikakata na kipande cha kikonyo juu na chini, ukakachomeka kwenye chungu chenye udongo mwepesi unyevu, katatoa mizizi, na kitakachokua ni mmea uleule wa bibi. Mbegu hazitakupa hivyo. Deilili zinazopandwa bustanini zimechanganywa damu mno, na ukipanda mbegu za ile ya manjano unaweza kupata kitu cha rangi ya matofali.

Sasa tuseme amekubali. Usichimbe siku hiyohiyo. Wakati maua yangali wazi ndio wakati pekee wa kujua lipi ni lipi, maana ukishakata majani, mashina kumi na manne yanafanana kama mapacha. Piga picha kila ua, kisha funga alama kwenye shina lake. Usitumie kalamu ya wino iliyoandikwa "haifutiki", kwa sababu jua la huku linaifuta ndani ya msimu mmoja. Penseli ya kawaida kwenye kibao cha plastiki hudumu zaidi, na ukiandika kwa kukandamiza ncha kwenye kipande cha bati laini, maandishi yanabaki miaka. Andika rangi, urefu, na tarehe lilipofungua ua la kwanza. Jina kama hulijui, usilibuni. Aina zilizosajiliwa ni makumi ya maelfu, na chama cha wapenzi wa deilili Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1946, ndicho kinachoziandika.

Hapohapo amua zipi zibaki. Zile za rangi ya chungwa ulizozikuta, ziache. Kama ni zile ninazozidhania, zile za kandokando ya barabara na mitaro, hazina mbegu zinazoota kwa sababu zina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, lakini zinatambaa kwa mashina ya chini ya ardhi, na ukizipeleka Rochester baada ya miaka michache utakuwa unazing'oa kwenye nyasi za jirani. Ni ua zuri, silichukii. Lakini limeshaota nusu ya nchi hii na halihitaji msaada wako wa usafiri. Na kama kati ya hayo mashina kuna zile fupi za manjano zinazochanua bila kukoma hadi vuli ya huku, inawezekana ni 'Stella de Oro', iliyosajiliwa mwaka 1975, ambayo utaikuta mbele ya kila kituo cha mafuta na kila benki. Hapo mumeo ana haki: dukani zimejaa. Beba za bibi.

Nije kwenye kuchimba. Maji kwanza. Mwagilia jioni ya siku iliyotangulia mpaka udongo ulowe vizuri, kwa sababu mmea uliokunywa unavumilia safari. Asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, kata vikonyo vyote vya maua. Najua vina machipukizi ya maua ambayo hayajafunguka. Yakate tu, maana mmea uliopoteza mizizi hauwezi kulisha maua na kuponya vidonda kwa wakati mmoja. Yaweke kwenye glasi ya maji mahali paka hafiki, kila asubuhi litafunguka moja na jioni litakunjika. Jina lake la kitaalamu, Hemerocallis, limetoka kwa Wagiriki: uzuri wa siku moja.

Kisha kata majani yabaki sentimita 15 hadi 20. Chomeka uma wa bustani, ule wa meno manne, umbali wa sentimita 15 au 20 kutoka kwenye shina, uzunguke pande zote, na uinue taratibu kutoka chini, kina cha futi moja. Ukikosa uma, beleshi litafaa ila litakata mizizi mingi zaidi. Deilili haina kitunguu chini kama yungiyungi lenyewe. Ina mizizi minene iliyovimba kama vidole, kama vihogo vidogo, na humo ndimo imeweka akiba ya maji na chakula. Ndiyo sababu haifi kirahisi. Usiogope vidole vichache vikikatika.

Shina likishatoka, lioshe. Hapa nataka usome polepole, kwa sababu ndiyo sehemu wengi wanaoruka.

Kwetu sisi nyungunyungu ni baraka. Nilipokuwa nafundisha wakulima Morogoro, nikichota udongo nikakuta nyungunyungu, nilimwonyesha mkulima kwa furaha: huu udongo uko hai. Minnesota mambo ni tofauti. Barafu ya kale ilipoifunika ardhi hii haikubakiza nyungunyungu hata mmoja wa asili, na misitu ikajengeka bila wao. Waliopo wote wameletwa. Na sasa kuna jamii ya nyungunyungu warukao, waliotoka Asia, wanaojipindapinda kama nyoka ukiwagusa. Wanakula majani makavu yote ya juu na kuacha udongo mlegevu wa chembechembe kama makapi ya kahawa, usioshika mizizi wala maji. Minnesota wamo tayari. Wakubwa hufa wakati wa baridi, ila vifuko vya mayai yao hubaki, vidogo kama mbegu ya haradali, rangi ya udongo wenyewe, na njia yao kubwa ya kusafiri ni mche anaopewa mtu na jirani, au mtu anayehama nyumba na maua yake.

Kwa hiyo kabla ya kuchimba, changanya theluthi ya kikombe cha unga wa haradali katika galoni moja ya maji, umwage polepole kwenye udongo karibu na mashina. Nyungunyungu watapanda juu kukimbia ukali wake, na mmea hautadhurika. Ukiwaona hao warukao, fikiria tena kama kweli unataka kubeba kitu. Hata usipowaona, usisafirishe udongo. Tikisa shina, halafu elekeza bomba la maji kwenye mizizi mpaka ibaki mitupu, kila kidole kikionekana. Fanya hivyo hapohapo kwenye bustani ya zamani, maji machafu yabaki huko. Ukishasuuza utashukuru kwa jambo la pili: mizizi mitupu ni myepesi. Shina moja kubwa na udongo wake mtu mzima analibeba kwa tabu. Likiwa limeoshwa, mtoto analibeba.

Mizizi ikiwa safi, kugawa kunakuwa rahisi pia, kwa sababu unaona machipukizi yanavyojitenga. Kila chipukizi ni fungu la majani lililopangika kama pepeo, lina shingo yake na mizizi yake. Vuta na kupinda kwa mikono, mengi yataachana yenyewe. Yanayokataa yakate kwa kisu. Mashina ya zamani sana huwa magumu, nami nimewahi kutumia msumeno wa mkate wa mke wangu, kosa ambalo sikusamehewa haraka. Bakiza machipukizi matatu au manne kwa kila kipande. Moja moja pia linaota, lakini utasubiri miaka kuona shina lenye heshima. Nusu irudishe shimoni kwa mnunuzi, mwagilia, funika kwa matandazo. Mashimo yaliyobaki yafukie.

Kipande kimoja cha ile ya manjano inayonukia mpe rafiki anayebaki Brooklyn Park. Hiyo ni akiba. Gari linaweza kuharibika, mtoto anaweza kukanyaga, lolote linaweza kutokea.

Vidonda viache vikauke kivulini masaa machache, hata kutwa. Hili linawashangaza watu, wanataka kufunga mizizi ingali inatiririka maji. Joto la Julai, kidonda kibichi na unyevu uliofungiwa, hapo umetengeneza chungu cha kuozesha. Najua kwa sababu nilifanya. Mara yangu ya kwanza kuhama nikiwa huku, niliweka mashina tisa kwenye mifuko myeusi ya taka, nikayafunga fundo, nikayaacha kwenye gari usiku na mchana mmoja. Nilipofungua, harufu iliniambia kabla ya macho. Mawili tu yalipona.

Zifunge kwenye gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa, kila aina na kibao chake, uzipange kwenye boksi la kadibodi lililotobolewa, lisifungwe. Katika hali hiyo, mahali pa baridi na kivuli, zitakaa wiki moja hadi mbili. Wauzaji wa deilili ndivyo wanavyozituma kwa posta, mizizi mitupu, na hufika nzima baada ya siku kadhaa. Siku ya kuhama usizipe kampuni ya kuhamisha mizigo. Nyingi hazipokei mimea, na sanduku la lori wakati wa joto ni tanuri. Zisafiri na wewe, ndani ya gari lenye kiyoyozi, kwenye sakafu na si dirishani.

Juu ya paka, sitazunguka. Deilili ni sumu kwa paka, mmea wote: jani, ua, hata chavua anayoilamba kwenye manyoya. Huua figo, na kidogo tu kinatosha. Bustanini pengine paka wako hatoki nje na hujawahi kufikiria. Lakini wiki ya kuhama boksi litakuwa sebuleni, paka atakuwa na wasiwasi wa mazingira mapya, na paka mwenye wasiwasi hutafuna. Boksi likae gereji au nje kivulini, mlango umefungwa. Yale maua ya kwenye glasi pia, kama huna chumba cha kumzuia asiingie, wape wafanyakazi wenzako wasiofuga paka. Ukimwona ametafuna, usingoje dalili, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, kwa sababu siku ya kwanza ndiyo yenye tiba. Watoto hawana hatari hiyo. Wachina hula vitumba vya deilili tangu zamani, wanavikausha na kuviita sindano za dhahabu, wanatia kwenye supu. Lakini usije ukachanganya na mayungiyungi halisi, na usimwache mtoto ajifunze kula maua.

Rochester sasa. Umesema udongo ni mfinyanzi ulioshindiliwa, na ninaweza kukuona Julai 19, umechoka, masanduku hayajafunguliwa, ukitaka kuchimba bustani nzima mbele ya nyumba ili mambo yaonekane ya kawaida. Usifanye. Hujui jua linapopita, hujui maji ya mvua yanakosimama, hujui theluji itasukumwa wapi na gari la kusafisha barabara, ambalo litakuja na chumvi yake. Tengeneza kitalu. Chagua kona moja yenye jua la asubuhi na kivuli kidogo mchana, tuta moja la futi nne kwa nane linatosha, ndani yake mashina yote yakae msimu huu kwa safu kama miche ya nyanya. Wewe utazame uwanja wako kwa mwaka mmoja, ndipo uamue. Kuhamisha tena mwakani Agosti ni kazi ya asubuhi moja.

Kabla ya kuchimba hata hicho kitalu, piga 811. Ni simu ya bure, nchi nzima, na watakuja kuweka alama za rangi mahali nyaya za umeme, mabomba ya gesi na waya za intaneti zinapopita. Kwenye nyumba mpya waya hizi wakati mwingine ziko karibu na uso wa ardhi kuliko unavyodhani. Piga siku kadhaa za kazi kabla, maana hawaji dakika hiyohiyo. Ukiwa umeshapewa ruhusa ya kuingia kiwanjani mapema, piga wiki moja kabla ya kuhama, ukifika alama zimeshawekwa.

Mfinyanzi usiutie mchanga. Mchanga na mfinyanzi ukichanganya vibaya unapata kitu cha kujengea ukuta. Tia mboji, nyingi, sentimita 8 hadi 10 juu ya tuta, uichanganye na udongo wa chini hadi kina cha beleshi, na tuta liinuke juu ya uwanja kidogo. Mboji nunua ya mifuko au ya mzalishaji anayeichemsha vizuri, kwa sababu ile ya bure ya kuchota mtaani inaweza kuwa na haohao nyungunyungu tuliokimbia. Kisha chimba shimo la futi moja, jaza maji, uondoke. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, hapo si mahali pake, sogea. Deilili inavumilia mengi ila haivumilii miguu ndani ya maji majira yote ya baridi. Ukiwa na hamu ya kujua zaidi, Chuo Kikuu cha Minnesota kina maabara ya udongo, unapeleka sampuli kwa ada ndogo. Deilili inapenda udongo wenye uchachu kidogo tu, lakini haijawahi kufa kwa kukosa kipimo.

Wakati wa kupanda, chimba shimo pana kuliko unavyoona inatosha. Katikati yake jenga kichuguu cha udongo. Mkalishe deilili juu ya kichuguu kama mtu aliyekaa juu ya farasi, mizizi ikining'inia pande zote kuelekea chini. Tazama majani: karibu na shingo kuna sehemu nyeupe ambayo haikuona jua. Mpaka wa weupe na kijani ndio usawa wa udongo wa zamani, na ndio usawa wa mpya. Shingo iwe sentimita mbili au tatu chini ya uso, basi. Ukizamisha zaidi, utaona majani miaka na miaka bila ua hata moja na utakuja kuniuliza mbolea gani. Bonyeza udongo usiache mapango, mwagilia, udongo ukishuka ongeza. Acha sentimita 45 hadi 60 kati ya mmea na mmea. Mbolea usiweke mwaka huu, si ya chumvichumvi wala samadi mbichi, mizizi yenye vidonda haitaki pilipili.

Majani uliyobakiza yatageuka manjano, baadhi yatakauka kabisa. Ndipo simu zinapoanza: "Bwana Shamba, zimekufa." Hazijafa. Zinatupa nguo za zamani. Baada ya wiki mbili au tatu, katikati ya makavu utaona ncha za kijani kibichi. Mpaka hapo mwagilia kwa kina kila baada ya siku mbili au tatu kama mvua hainyeshi, na zikishashika, maji ya sentimita 2.5 kwa wiki yanatosha, mvua ikiwemo. Chomeka kidole kabla ya kumwagilia. Kukiwa na unyevu, weka bomba chini, kwa sababu mwezi wa saba wengi wanaziua kwa huruma.

Kwa upande mmoja Julai imekupa faida ambayo wa mwezi wa tisa hawana. Mmea unahitaji wiki sita au zaidi za kuotesha mizizi kabla ardhi haijaganda, na anayepanda mwisho wa Septemba huku kaskazini anacheza kamari. Wewe una miezi minne. Tatizo la majira ya kwanza ya baridi huwa si ubaridi wenyewe. Ardhi inaganda, inayeyuka, inaganda tena, na kila mara inasukuma mmea mchanga juu mpaka shingo inabaki wazi kwenye upepo. Kwa hiyo ngoja ardhi igande kwanza, mwisho wa Novemba hivi, ndipo utandaze majani makavu ya ngano au shayiri unene wa sentimita 10. Lengo si kuzipasha joto. Ni kuziweka kwenye baridi isiyobadilikabadilika. Aprili yaondoe, na ukikuta shina limesukumwa juu, likandamize kwa kiganja lirudi mahali pake.

Mwakani usitegemee mengi. Baadhi zitatoa kikonyo kimoja, nyingine majani tu. Mwaka wa pili utaanza kuzitambua, wa tatu zimerudi kuwa zile za bibi.

Nimebakiza ile ya manjano. Refu, ya manjano ya ndimu, yenye harufu jioni, na bustani ya mama wa umri ule: ningekuwa mtu wa kubahatisha ningesema 'Hyperion'. Ilitolewa mwaka 1924 na mkulima wa Indiana aitwaye Mead, ikapendwa sana, na wanawake wa huku wamegawiana kwa karibu miaka mia, kupitia juu ya uzio. Lakini kuna nyingine zinazofanana nayo, na bila kibao cha bibi mwenyewe hatuwezi kuapa. Kibao chako kiandike "ya manjano, ya bibi jirani, Brooklyn Park". Deilili nyingi hazina harufu kabisa, kwa hiyo hiyo moja, ukiisha kujua uwanja wako mpya, usiipeleke nyuma ya uzio. Ipande chini ya dirisha la jikoni, upande unaopata jua walau masaa sita, na jioni ya Julai uache dirisha wazi. Wavu wa mbu tu, ili paka abaki ndani.